Sindano ya Maziwa

Spiriti ya hospitali haijabadilisha harufu yake tangu nikiwa mdogo. Mengine yote yamebadilika: sindano ni za plastiki za kutumia na kutupa, wauguzi wanavaa suruali, na sisi wa rika langu tunaitwa kwa nambari inayowaka ukutani. Juzi kijana mmoja alinipangusa mkono kwa pamba ili anichanje, na kabla hajanidunga nikajikuta nimeinama kuchungulia ndani ya bomba la sindano. Nilikuwa natafuta rangi. Akadhani naogopa, akaniambia, "Usijali, shosho, ni kidogo tu." Sikuwa naogopa. Na kuitwa nyanya na mtu nisiyemjua sijakuzoea hadi leo.

Tuliokulia Nairobi wakati ule tunaikumbuka ile homa, hata kama kila nyumba inaikumbuka kwa jina lake. Redio ilisema imetoka mbali, imevuka bahari. Watu wa mtaa wetu, Waithaka, walisema imeshuka uwanja wa ndege ikapanda basi kama abiria yeyote. Darasani kwetu madawati yalibaki wazi, mwalimu akawa anafundisha amejifunga shali shingoni, na kanisani nyimbo zilikatwakatwa na kikohozi mpaka mwimbishaji akakata tamaa na kuketi. Wengi walilala siku chache, wakaamka wamekonda, maisha yakaendelea. Wachache homa iliwashukia kifuani ikawa kichomi, na hao ndio waliokuwa wakifa.

Mama yangu alikuwa muuguzi wa zahanati moja ndogo ambayo siku hizi haipo. Daktari alikuja siku moja kwa wiki, akija, kwa hiyo siku nyingine zote mama ndiye aliyekuwa kila kitu, na kila mtu alimwita Sista. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya ua uleule. Nikitoka shule nilikaa mwisho wa benchi la wagonjwa nikafanya hesabu zangu, maana nyumbani hakukuwa na mtu. Baba alipanga herufi za risasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji River Road, akarudi jioni na wino kwenye kucha. Wakati wa homa walichapa mabango: funika mdomo ukikohoa, epuka mikusanyiko. Mama alibandika moja juu ya benchi, na chini yake watu wakakaa wamebanana kama kawaida. Aliwaomba waache nafasi kati ya mtu na mtu. Waliacha, na waliofika baadaye wakashukuru kwa kuwekewa nafasi, wakakaa hapo.

Baba alipougua, mama yake alikuja kwa basi kutoka Kakamega na kuku wawili kikapuni kumuuguza mwanawe. Sisi tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu. Kukhu hakuamini kwamba mke anayeshinda kutwa akiuguza watu wa nje anaweza kubakiwa na huruma ya kutosha kwa wa ndani. Lakini baba alipona upesi, ikawa Kukhu hana kazi, na kwa mila yake mgonjwa asiyetembelewa ni aibu ya kijiji kizima. Akajiunga na akina mama wa kanisa. Kila alasiri walijifunga leso zao wakaenda nyumba hadi nyumba, wakawashika wagonjwa mikono, wakawaombea wakiwa wamewainamia, wakanywa chai kwa vikombe vya nyumba ile.

"Mama, hii homa inatembea na watu," mama alimwambia. "Mkienda kuwaona wagonjwa, ninyi ndio mnaitembeza."

"Sista," Kukhu akajibu, kwani hata yeye alimwita hivyo, nusu heshima nusu kejeli, "mimi siku nitakuwa mgonjwa na mtu asikuje kuniona, nitajua nimeshakufa."

Kila aliyekuja zahanati alitaka sindano. Hilo nalo mnalikumbuka. Vidonge vilikuwa vya watoto, na dawa ya kikohozi uliyomiminiwa kwenye chupa ya soda uliyokuja nayo ilikuwa ya kusindikizia tu. Bila sindano hukutibiwa. Mtu aliyeambiwa ana mafua, mafua hayana dawa, aende alale na anywe maji mengi, aliona ametukanwa. "Nimetoka kwangu na miguu mpaka hapa," mzee mmoja alimwambia mama, "alafu unaniambia niende nilale? Kwani kulala nilishindwa huko?" Waliokosa sindano kwetu walikwenda kwa jamaa mmoja nyuma ya bucha aliyewadunga wote kwa sindano moja, na baada ya siku chache wakarudi kwa mama na majipu.

Kabatini mwa mama kulikuwa na dawa mbili za kudunga, nami nilizijua kwa rangi. Moja ilikuwa nyeupe. Ilidungwa matakoni, na aliyedungwa alitoka akichechemea. Watu waliiita ya maziwa. Nyingine haikuwa na rangi, ilitoka kwenye vichupa vidogo vya kioo ambavyo mama alivikata shingo kwa tupa ndogo. Hiyo ilidungwa mkononi, ikachoma kidogo ikapoa, nayo waliiita safi. Wengi walipewa safi. Lakini kila alipoingia mtu anayehema kwa shida, mbavu zikiingia na kutoka, mama alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akafungua kabati kwa ufunguo, akamdunga ya maziwa.

Mimi na Mueni tulilitafiti jambo hili. Mueni alikuwa rafiki yangu, binti wa majirani zetu wa ng'ambo ya ua, watu wa Machakos. Baba yake aliuza misumari na mabati katika duka moja River Road, kwa hiyo yeye na baba yangu waliondoka pamoja asubuhi. Jumapili aliimba besi kanisani, na ukikaa karibu naye uliisikia sauti ile mpaka kwenye ubao wa kiti. Mimi na Mueni tulitazama nani kapewa dawa gani, kisha tukafuatilia. Waliopewa safi tuliwakuta sokoni juma lililofuata wakibishania bei ya viazi. Waliopewa ya maziwa, baadhi yao tuliwaona wakitolewa majumbani ndani ya jeneza. Halikuwa jambo la kuhitaji kisomo. Safi inaponya, ya maziwa inaua.

Leo najua tulipokosea, na nasikia kosa lenyewe lina jina katika vitabu vya madaktari: ya maziwa walipewa wale ambao tayari walikuwa ukingoni. Lakini si sisi watoto peke yetu. Mtaa mzima ulifanya hesabu ileile ukapata jibu lilelile. Watu wakaanza kuingia zahanati wakiwa wameshakunja mikono ya mashati. "Mimi nataka ile safi," walisema. "Hiyo ya maziwa pelekea wengine." Mama alibishana nao mpaka sauti ikamkauka. Wengine aliwashawishi, wengine waliondoka zao.

Kisha Baba Mueni akaugua. Alikaa nyumbani akisema ni mafua tu, na alipoletwa hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Nilikuwa mwisho wa benchi. Mama alimpima, akafungua kabati.

"Hapana, Sista," Baba Mueni akasema. "Hiyo siwezi."

"Hii ndiyo dawa ya kichomi, Baba Mueni. Hakuna ingine."

"Iko ingine. Ulimpa Kamau alipougua hii homa. Kamau leo ako kazini."

"Kamau hakuwa na kichomi."

"Sista, usituone wajinga," mke wake akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. "Sisi ni majirani. Tupatie ile nzuri."

Baba Mueni akaanza kuinuka aondoke. Nyuma yao watu walikuwa wamejaa mpaka nje ya mlango. Mama alisimama kidogo na ufunguo mkononi, kisha akachukua kichupa cha kioo, akamdunga safi. Akamwandikia kikaratasi cha kwenda hospitali kubwa mjini, akawaambia waende leo, si kesho, akarudia, na walipofika mlangoni akawafuata akarudia tena. Walishukuru sana. Ila mtu akishadungwa sindano, ameshatibiwa. Walirudi nyumbani kusubiri dawa ifanye kazi yake. Baba Mueni akafa kabla ya juma kuisha, wakampeleka Machakos kumzika.

Ungedhani hapo imani ya watu ingeyumba. Haikuyumba. Walisema safi ilimfikia ikiwa imechelewa, na mimi pia nilisema hivyo. Mama siku zile alikuwa akiketi mezani bila kula, na akimaliza kuosha mikono anaanza kuiosha upya. Nilidhani anaomboleza kama sisi sote. Mimi mwenyewe nilimlilia sana Baba Mueni, maana alikuwa akinichekesha, na nilimlilia Mueni ambaye alikuwa ameenda mbali na sikujua kama angerudi.

Baada ya hapo Kukhu naye akashikwa na homa. Haikumshangaza mtu isipokuwa yeye. Mwanzoni alitaka kutembelewa, lakini mama aliufunga mlango kwa ndani. Akina mama wa kanisa wakaimba nje ya dirisha, wakaondoka wamenuna. Baadaye Kukhu akaacha kutaka chochote. Jumapili moja mchana midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na baba ameketi kando yake akimpepea kwa kofia, huku mama akichemsha sindano ndani ya sufuria juu ya stovu ya mafuta taa. Akaja nayo imejaa ya maziwa.

Kukhu alikuwa na sababu mbili za kukataa. Ya kwanza ilikuwa ya heshima: mama mkwe hawezi kumfunulia mke wa mwanawe matako, awe Sista asiwe Sista. "Nitakudunga kwa paja," mama akamwambia. "Utakunja nguo kidogo tu." Ikabaki sababu ya pili.

"Hiyo ni ile ya maziwa," Kukhu akasema. Maneno yalimtoka moja moja. "Mimi nimewaombea watu wa hiyo. Nimewaimbia hata kwa kaburi."

Baba akamtazama mama. "Si umpe tu ile ingine."

"Ile ingine haitamsaidia."

"Inasaidia watu wote, ni huyu tu haitasaidia?" Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hata hapo hakuipaza. "Ama ni kwa sababu ni mama yangu?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na wakati huo nilimchukia mama yangu. Sina haja ya kulipamba neno hilo. Niliwajua wanawake hawa wawili, jinsi walivyogombana bila kugombana: chumvi ya mboga, namna ya kukunja blanketi, saa ya kumlaza mtoto. Nilifikiri mama anamnyima Kukhu dawa nzuri kwa ajili ya chumvi, na kwamba Kukhu atakufa, na kwamba nikimwambia mtu nitapigwa.

Mama aliiweka sindano juu ya kitambaa kilichochemshwa. "Ile ingine ni maji," akasema.

"Maji gani?"

"Maji tu. Ya kuchanganyia hii. Hii inakuja ikiwa unga." Mama akaendelea, na sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kumweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge. "Dawa haitoshi. Nikiwapa hii watu wa mafua, wa kichomi watakuja wakute kabati tupu. Nikiwanyima sindano, wanaenda nyuma ya bucha. Hawakuwa wanahitaji dawa, walikuwa wanahitaji kudungwa. Nikawadunga."

Baba aliacha kupepea.

"Na Baba Mueni?" Kukhu akauliza. Macho yake yalikuwa yamefungwa.

"Maji," mama akasema.

Nilingoja Kukhu alaani, kwa sababu alikuwa na ulimi wa kulaani na kila mtu kwetu aliuogopa. Badala yake mkono wake ulitoka chini ya blanketi, ukaivuta leso ikapanda juu ya goti.

"Dunga," akasema. "Na huyo mtoto atoke kwa mlango, anaona miguu yangu."

Alipona polepole, kwa sindano nyingi ambazo alizilalamikia zote. Alipoweza kuketi, mama alifungua mlango. Akina mama wa kanisa walikuja wote kwa pamoja kumwona, na Mama Mueni, aliyekuwa amerudi kutoka Machakos na watoto wake, akaja nao, amefunga kitambaa cheusi kichwani na kubeba mayai ndani ya kiondo. Alimfuata mama moja kwa moja, akamshika mikono yote miwili mbele ya wageni.

"Sista, sikupata nafasi ya kukuambia asante," akasema. "Wewe ulitupatia ile nzuri. Mwingine angetukatalia. Ni Mungu tu alikuwa ameshaamua."

Mmoja wa wale wanawake akamgeukia Kukhu. "Na wewe mama, si ni hiyo safi ilikuponesha? Sista hawezi kukosa kuweka ya watu wake."

Kukhu hakuwa mtu wa kukosa jibu, lakini siku hiyo alitazama ndani ya kikombe chake. Akisema alidungwa ya maziwa, anamwambia mjane aliyesimama mbele yake kitu ambacho mjane hapaswi kuambiwa mbele ya watu. Akisema safi, kesho mtu mwingine ataikataa ya maziwa na kufa. Sikuyafafanua hivyo wakati ule, lakini kile kimya nilikiona, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya sindano.

"Alidungwa ya maziwa," mama akasema. "Zote zilikuwa za maziwa."

Mama Mueni bado alikuwa amemshika. "Na ile ya Baba Mueni?"

"Twende nje kidogo, Mama Mueni."

Walisimama kwenye bustani ya mboga, ndani ya sukuma wiki, nyuma ya nyumba, nami nikawatazama dirishani. Mama aliongea muda mfupi, mikono yake ikiwa imening'inia. Mama Mueni alimsikiliza ameinamisha kichwa. Mama alipomaliza, Mama Mueni alivunja jani moja la sukuma, akaligeuza upande huu na upande ule, akaliangusha, akapita kwenye pengo la ua kwenda kwake. Ndani, wanawake walimuuliza Kukhu kuna nini, naye akawaambia wanywe chai isipoe.

Mama Mueni hakumsalimu mama tena. Tuliishi ua kwa ua miaka mingi baadaye, na hakuna siku aliyomwambia hujambo. Lakini pia hakumwambia mtu. Neno moja sokoni lingetosha mama afukuzwe kazi, pengine ashtakiwe, na kila nilipomwona Mama Mueni amesimama na wanawake wenzake nilisogea karibu nisikie anasema nini. Mama aliacha kuwadunga watu maji. Wa mafua aliwaambia ukweli, wakaondoka wakimtukana. Wa kichomi waliendelea kuikataa ya maziwa, kwa sababu neno la muuguzi halikuwa na uzito mbele ya makaburi waliyokuwa wameyaona. Kupona kwa Kukhu hakukubadilisha kitu: akina mama wa kanisa walikuhesabu kuwa ni matunda ya kuimba dirishani.

Kisha Mueni akaugua.

Ilikuwa Jumamosi, benchi limejaa. Mama yake alimleta mgongoni ingawa alikuwa mkubwa, miguu ikimgonga magotini kila hatua. Hakumsalimu mtu. Alimweka juu ya meza, na Mueni akanitazama kama mtu asiyenijua. Mama alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akaenda kabatini, akachanganya dawa, akarudi na sindano imejaa ya maziwa. Hakusema hata neno. Nadhani aliona hana ruhusa ya kusema neno. Waliokuwa wakikohoa walijaribu kujizuia.

"Mama Mueni, hiyo usikubali," mwanamke mmoja akasema kutoka kwenye benchi, mtoto wake akihema kwa shida mapajani. "Hiyo inaua watu. Mwambie akupe ile alimpa mzee wako. Kwani wewe hujui?"

Mama Mueni alipandisha gauni la binti yake, akamshika miguu asirushe.

"Mimi ndio najua," akasema. "Mdunge hiyo."

Mueni alilia. Yule mwanamke alimtazama Mama Mueni, kisha akasogea karibu na meza, akaanza kumfungua mtoto wake nepi.